Shajara ya mradi: kutengeneza langspil ya Aisilandi kwa mkono

Langspil ni kisanduku chembamba cha mbao chenye nyuzi chache zilizotandazwa kwa urefu. Uzi mmoja ndio unaobeba wimbo: unapita juu ya freti, yaani vipande vya waya vinavyoamua sauti, na kubonyezwa kwa kucha ya dole gumba. Zilizobaki hazibonyezwi na kidole chochote. Zinavuma sauti ileile chini ya wimbo, tangu mwanzo hadi mwisho. Ala hii hupigwa kwa uta, kwa kidole au kwa kijiti. Ndugu yake katika nyumba za zamani za Aisilandi ni fiðla, kisanduku cha nyuzi mbili kisicho na freti kabisa. Mwaka 1855 Ari Sæmundsen alichapisha huko Akureyri mwongozo wa kupiga langspil na kuitumia kujifunza nyimbo za kanisani kwa noti. Mtu wa shambani asiye na kinanda alikuwa na kisanduku hiki.

Shajara imewekwa ili anayetaka kutengeneza ya kwake afuate. Useremala wa kawaida umefupishwa. Palipoharibika ndipo palipopewa nafasi. Karakana iko Reykjavík, kwenye chumba cha chini cha nyumba, na hicho chumba cha chini kitakuja kutudai mwezi Desemba.

Umbo lililochaguliwa ni lile la ubavu mmoja uliopinda: upande mmoja umenyooka kama rula, wa pili umevimba tumbo karibu na daraja, kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya uso wa sanduku. Zipo langspil zilizonyooka pande zote mbili. Asiye na bomba la kupindia mbao aanze na hizo. Urefu wote ni milimita 930, yaani sanduku 820 na kichwa 110. Upana ni 70 upande wa kichwa na 165 penye tumbo, kina ni 60. Urefu wa uzi unaolia, kutoka kizingiti cha kichwani (kipande cha mfupa ambacho nyuzi hupumzikia) hadi kwenye daraja, ni 720. Namba hiyo haikuokotwa. Sababu yake iko kwenye sehemu ya freti.

5 Oktoba. Mbao

Mti wa asili unaofanya msitu Aisilandi ni birchi tu, nao ni mfupi na umepindapinda. Kwa karne nyingi mbao ndefu zilikuja zenyewe kwa bahari: magogo ya larchi, sprusi na msonobari yaliyoponyoka kwenye mito ya Siberia, yakasafiri na barafu ya kaskazini, yakatupwa ufukweni. Ndiyo maana nia ya kwanza ilikuwa kutumia gogo la ufukweni kwa ala nzima.

Randa ilipita mara mbili. Mara ya tatu ikaanza kuacha mistari kwenye ubao, na kisu kilipotolewa kilikuwa na mapengo kama meno ya msumeno. Gogo lililoviringishwa na mawimbi hubeba mchanga ndani ya nyufa zake ndogo, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha randa. Dawa yake: piga brashi ya waya kwanza, kisha ondoa milimita 8 hadi 10 za nje kwa msumeno wa zamani ambao hauuhurumii, ndipo ulete randa.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Kipande kilichokaushwa wiki sita ndani ya nyumba kilitoka jasho siku ya mvua. Ni chumvi, inavuta maji ya hewani. Kukipima hakuhitaji chombo, lamba tu. Ubao wa namna hiyo ukiuweka chini ya nyuzi za shaba, nyuzi zitaota kutu ya kijani, na uso wa ala hautatulia. Kwa hiyo larchi ya ufukweni imebaki kwenye mgongo na kwenye kipande cha kichwa, mahali ambapo uzito haudhuru. Uso umenunuliwa: sprusi iliyopasuliwa ili mistari ya umri isimame wima ukiutazama ubao kwa kichwa, mistari 8 hivi kwa kila sentimita.

19 Oktoba. Ubavu uliopinda

Ubavu ulionyooka ulichukua nusu saa. Uliopinda ulikula wiki mbili na vipande vitatu vya birchi.

Cha kwanza kilikuwa na unene wa milimita 3, kikachemshwa na kupindwa juu ya bomba la chuma la kipenyo cha 60 lililopashwa moto. Kikapasuka upande wa nje, pale pale penye kona kali. Cha pili kilirandwa hadi 2, kikakubali kona, kisha kikachanika matabaka kama kitunguu. Ukikitazama kwa ubavu sababu ilikuwa wazi: msumeno ulikata nyuzinyuzi za mti kwa mshazari, kwa hiyo hakukuwa na unywele hata mmoja uliosafiri kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande.

Cha tatu hakikupasuliwa kwa msumeno. Kilichanwa kwa shoka ndogo na nyundo ili kifuate mti wenyewe unavyotaka, halafu kikarandwa hadi 1.8. Upande wa nje ulishikiliwa na ukanda wa bati jembamba ili mbao isifunguke. Bomba linafaa pale tone la maji linapocheza juu yake badala ya kukauka papo hapo. Usisukume, egemeza na usubiri, mbao yenyewe italegea mkononi kama ngozi iliyolowa. Baada ya saa 24 kwenye kalibu ubavu ulirudi nyuma milimita 5, basi kalibu imechongwa upya ikiwa imepinda zaidi kwa kiasi hicho.

2 Novemba. Gundi

Inatumika gundi ya ngozi, ile ya chembechembe. Sehemu 1 kwa maji sehemu 2 kwa uzito, iloweke saa mbili, kisha ipashe ndani ya sufuria ya maji hadi nyuzijoto 60. Ikipita 70 inapoteza nguvu. Faida yake juu ya gundi nyeupe ya dukani ni kwamba inafunguka kwa kisu cha moto na maji kidogo. Ala ya kwanza lazima itafunguliwa.

Mgongo ulibandikwa chumba kikiwa nyuzijoto 13. Klampu ya nne ilipokuwa inakazwa, gundi chini ya ile ya kwanza ilikuwa imeshaganda kama mchuzi wa kwato. Kesho yake mgongo ulibanduka kwa kucha. Safari ya pili mbao zilipashwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi zikawa vuguvugu, na gundi ikapakwa nusu kwanza, nusu baadaye. Haijabanduka tena.

Uso una unene wa milimita 3, tundu la sauti la kipenyo cha 40 penye tumbo, na taruma mbili za sprusi za 8 kwa 10 chini yake, moja kila upande wa daraja. Mgongo ni 4. Uso ulibandikwa siku hiyohiyo. Kipimo cha unyevu ukutani kilisoma asilimia 58, kikaandikwa kwenye daftari, na hakuna aliyekifikiria.

16 Novemba. Nyuzi

Msafiri wa Scotland, George Mackenzie, alifika Aisilandi mwaka 1810 na kueleza langspil katika kitabu chake cha 1811: nyuzi tatu za brasi, yaani shaba ya manjano, mbili za sauti moja na ya tatu chini yake kwa okteva (sauti ya jina lilelile lakini nzito zaidi). Mpangilio huo ndio uliofuatwa. Kosa lilikuwa kwenye sauti. Ilichaguliwa D ya juu ya hezi 293.7 (mitetemo kwa sekunde) kwa sababu inawafaa waimbaji wengi.

Waya wa milimita 0.35 ulikatika ulipoivuka A, ukiwa bado mbali na D. Wa pili ulikatika hapohapo. Ikaonekana ni mwembamba, ukanunuliwa wa 0.40. Nao ukakatika hapohapo, mara mbili.

Hapo ndipo hesabu ilipofanywa, na ilipaswa kutangulia. Kinachoamua kama waya utakatika ni urefu wake, sauti unayoitaka na aina ya chuma. Unene haumo. Waya mnene unahitaji kuvutwa zaidi ili ufike sauti ileile, na mvuto huo unagawanywa kwenye mwili mkubwa zaidi. Mwisho wake kila milimita ya mraba inabeba mzigo uleule. Kwa urefu wa 720, sauti ya D inaitaka kila milimita ya mraba ibebe karibu kilo 155. Brasi ngumu huanza kukata tamaa penye 80 na kitu. Ukishuka hadi G ya hezi 196, mzigo unakuwa kama kilo 69. Unapita, bila ziada kubwa.

Basi langspil hii ni ya G. Uzi wa wimbo ni 0.35, uzi wa mvumo wa sauti ileile ni 0.35, na ule wa okteva ya chini ni 0.70, mara mbili kamili ya unene ili mvuto ulingane: karibu kilo 6.6 kwa kila uzi, kilo 20 kwa zote tatu. Uzi wa gitaa wa chuma wa 0.25 ulijaribiwa pia, nao unaifikia D bila taabu. Unalia kama mbu. Ukatolewa siku hiyohiyo.

Waya ukiufunga kwenye kigingi, usiukunje kwa koleo. Brasi hukumbuka kila kovu, na pale ulipoibana ndipo itakapokatika wiki mbili baadaye.

23 Novemba. Freti

Freti za kwanza ziliwekwa kwa vipimo vya kikokotoo cha gitaa cha kwenye simu. Kilitoa freti ya sauti ya tatu kwenye 148.5 kutoka kizingitini. Ukiupiga uzi wa wimbo peke yake, sauti ilikuwa safi. Ukiuleta uta juu ya nyuzi zote tatu, sauti ya tatu ya ngazi ilianza kutetema, mapigo karibu 8 kwa sekunde, kama injini ya boti iliyo mbali.

Gitaa hugawa okteva katika nusu toni 12 zilizo sawa ili mpigaji ahamie ufunguo wowote. Langspil haihami kokote. Mvumo wake umefungwa kwenye G, na kila sauti ya wimbo inapimwa na sikio dhidi ya mvumo huo, sekunde kwa sekunde. Kinachotakiwa ni uwiano mnyoofu. Sauti ya tano inabakiza theluthi mbili za uzi, kwa hiyo freti yake iko kwenye theluthi moja. Ya tatu inabakiza nne ya tano, kwa hiyo freti iko kwenye moja ya tano. Na hapa ndipo 720 inapolipa, maana inagawanyika kwa kila kitu na hakuna hata desimali moja:

Okteva ya kwanza: 80, 144, 180, 240, 288, 336, 360.
Okteva ya pili: 400, 432, 450, 480, 504, 528, 540.

Zote ni milimita, zote zinapimwa kutoka kizingiti cha kichwani. Usipime kutoka freti moja hadi nyingine. Kosa la nusu milimita litazaa watoto njiani.

Kabla ya kugundisha chochote, weka vijiti vya meno chini ya uzi na uvisogeze huku uta unapita. Mapigo yakipotea, umefika. Kwenye freti ya sauti ya tatu vijiti vilisimama 143.5 mara mbili na 144 mara moja. Sikio na hesabu hawakugombana.

Freti zenyewe ni waya wa brasi wa 1.5, zimekunjwa kama pini ya stepla na kupigwa kwenye matundu mawili yaliyotobolewa kwa keekee ya mkono.

7 Desemba. Uta unagonga

Uta ni fimbo ya birchi ya milimita 450 yenye nywele 90 hivi za mkia wa farasi. Nywele mpya haziushiki uzi hata kidogo. Zinapita kama sabuni. Zinahitaji utomvu mkavu wa msonobari, tena mwingi mara ya kwanza: pasi 40 au 50, hadi vumbi jeupe lionekane. Nusu saa ilipotea tukitafuta kosa kwenye daraja kumbe uta ulikuwa haujapakwa vya kutosha.

Kosa la kweli lilikuwa kimo. Daraja lilikuwa na milimita 10 tu juu ya uso, kizingiti 7, na freti zilikaa kwenye kibao cha milimita 4. Vifundo vya vidole vya mkono wa uta viligonga ukingo wa sanduku kila ulipovutwa. Daraja likapandishwa hadi 20. Vidole vikapona, freti zikaharibika: katikati ya uzi, pengo kati ya uzi na freti likawa milimita 8.5. Uzi ukiuzamisha kiasi hicho unauvuta, na ukiuvuta unapanda sauti. Okteva ilipanda karibu senti 30, yaani theluthi ya nusu toni. Senti hapa ni kipimo cha muziki, nusu toni moja ina 100.

Jibu lilikuwa limekaa katika maelezo ya Mackenzie muda wote. Anasema uzi hupita juu ya vijiti vidogo vilivyoinuka, vyenye vipande vya waya juu yake. Ulipochorwa mchoro wa kwanza, vijiti vile vilionekana kama ushamba wa kizamani, kibao bapa cha gitaa kikawekwa badala yake. Kumbe kuinuka kwake ndiyo kazi yake. Freti zinapanda pamoja na nyuzi, na uso wa ala unabaki chini, mbali na mkono.

Kibao kipya kina kimo cha 15, freti zinafika 16, kizingiti 17.5, daraja 20. Pengo sasa ni 1.8 kwenye freti ya kwanza, 2.75 kwenye okteva, na 3.4 kwenye freti ya mwisho. Okteva bado ilipanda senti 3 au 4, ikanyooshwa kwa kurudisha daraja nyuma milimita 1.5. Usilibandike daraja. Mvuto wa nyuzi unalikandamiza kwa karibu kilo 5, linatosha kukaa lenyewe, na utahitaji kulisogeza tena.

Juu ya daraja mikato mitatu ya nyuzi iko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mwenye mazoea ya fidla atataka kuipinda ili achague uzi mmoja mmoja. Asifanye hivyo. Uta wa langspil unatakiwa kugusa zote kwa pamoja.

21 Desemba. Ufa

Ala ilipandishwa sebuleni ili ikae karibu na watu sikukuu. Siku ya nne, saa za usiku, ulisikika mlio kama kijiti kinachovunjwa gotini. Ufa wa milimita 210 kutoka tunduni kuelekea mkiani, upana wake unapitisha kadi ya benki.

Nyumba za Reykjavík hupashwa kwa maji ya moto ya ardhini, na joto halizimwi majira yote ya baridi. Hewa baridi ya nje ikiingia na kupashwa, unyevu wake unaporomoka. Kipimo sebuleni kilisoma 24. Uso ulibandikwa chini ukiwa kwenye 58. Sprusi iliyopasuliwa vizuri inasinyaa kama asilimia 0.8 ya upana kwa tofauti hiyo. Kwenye milimita 165 hiyo ni zaidi ya milimita moja. Lakini mgongo wa larchi, mbavu na taruma vimeushikilia, hauna pa kusinyaa. Ukapasuka.

Matengenezo, kwa mpangilio huu: legeza nyuzi. Acha ala wiki nzima kwenye hewa kavu hiyohiyo hadi ufa ufikie upana wake wote. Ukiukimbilia na gundi ukiwa nusu, utafunguka tena kandokando. Chonga ukucha mwembamba wa sprusi unaofuata mistari ya uso, upake gundi, usukume ndani ya ufa, ukauke, uparuze usawa. Kisha fungua mgongo kwa kisu cha moto (hapa gundi ya ngozi ilijilipia) na ubandike ndani viraka vitano vya sprusi vya milimita 20 kwa 12, unene 1.5, mistari yake ikikatiza ufa. Mgongo umerudishwa unyevu ukiwa 38.

Namba hiyo ndiyo ya kushika. Bandika uso na mgongo kati ya 35 na 40. Mbao iliyobandikwa ikiwa kavu ikipata unyevu itavimba mgongo kidogo na kutulia. Iliyobandikwa ikiwa na unyevu ikikauka haina njia nyingine ila kupasuka. Asiye na mashine ya kukausha hewa asubiri Januari, aweke mbao karibu na bomba la joto siku tatu, na abandike humohumo.

11 Januari. Sauti ya nne

Langspil ikalia vizuri, na nyimbo za Aisilandi zikagoma kutoka.

Iliyojaribiwa ni Ísland farsælda frón, shairi la Jónas Hallgrímsson la 1835, katika lahani yake ya tvísöngur. Tvísöngur ni uimbaji wa watu wawili au makundi mawili, sauti ya pili ikiifuata ya kwanza kwa umbali wa tano, na njiani sauti hupishana: ya chini ikapanda juu, ya juu ikashuka. Mchungaji Bjarni Þorsteinsson wa Siglufjörður aliweka nyimbo nyingi za namna hii katika mkusanyo wake mkubwa wa nyimbo za kienyeji uliotoka kati ya 1906 na 1909. Nyingi hazitumii ngazi ya kawaida ya do-re-mi. Sauti ya nne imepanda nusu toni, ngazi inayoitwa ya Kilidia, na ukali huo wa sauti ya nne ndio unaomfanya msikilizaji ajue yuko wapi.

Kwenye freti ya 180 wimbo ulitoka ukiwa umelainishwa kama wimbo wa shule ya Jumapili. Ikaongezwa freti ya sauti ya nne iliyopanda: 208 kutoka kizingitini, na ndugu yake wa okteva ya juu 464. Hata hapo 720 haikutoa desimali. Freti za 180 na 450 hazikung'olewa, nyimbo za kanisani zinazihitaji.

Angalizo la kibao: kati ya 180 na 208 kuna milimita 28, na kati ya 208 na 240 kuna 32, kwa hiyo dole gumba linatosha. Huko juu, kati ya 450 na 464, kuna 14 tu. Freti ya 464 imekunjwa fupi, inaanzia katikati ya kibao, ili kucha ijue kwa kugusa imefika wapi bila macho.

Sauti hiyo ya nne dhidi ya mvumo wa G inauma. Jaribio la kuipunguza kwa kusogeza freti hadi 203 liliifanya isiume na isiwe na maana pia. Ikarudishwa 208.

25 Januari. Vigingi, kucha, chumba cha pili

Vigingi ni vya birchi, vimechongwa na kuingizwa kwenye matundu yaliyopanuliwa polepole kwa tupa ya mviringo. Vilishika Novemba, vikaanza kuteleza Desemba hewa ilipokauka. Chokaa ya ubaoni peke yake inavifanya vikwame. Sabuni peke yake vinateleza zaidi. Vyote viwili pamoja ndiyo dawa: mstari wa sabuni kavu, mstari wa chokaa juu yake, zungusha mara kumi. Kigingi kinachorudi nyuma baada ya hapo kina tundu la duaradufu, na chokaa haitalitibu. Lipanue tena hadi liwe duara.

Kubonyeza ni kwa kucha, upande wa juu wa kucha ya dole gumba ukiegemea uzi nyuma kidogo ya freti. Nyama ya kidole inazima mlio. Uta usitembee karibu sana na daraja, unaleta kelele ya mlango. Sentimita 7 hadi 9 kutoka daraja ndipo nyuzi tatu zinapolingana. Uzi wa 0.70 unachelewa kuamka, kwa hiyo uanze kuvuta nusu ya pumzi kabla ya wimbo kuingia.

Gharama kwa krona: sprusi ya uso 9,500; birchi 4,200; gundi 3,100; waya wa brasi wa 0.35 na 0.70 ni 5,400. Waya wa 0.40 ambao haukufaa 2,700, nywele za farasi 3,800, utomvu 1,900, waya wa freti 1,200. Jumla 31,800. Larchi ni ya ufukweni na mfupa wa kizingiti ulitoka kwenye supu. Katika jumla hiyo, krona 5,500 ni za makosa matupu: waya wa 0.40 na mbavu mbili zilizovunjika, 2,800.

Ukikaa mkono mmoja kutoka kwenye ala, sauti ni kavu na ina mchanga ndani yake. Mackenzie alilalamikia jambo hilohilo, kisha akasema kwamba kutoka chumba cha pili, hasa zinapopigwa mbili kwa pamoja, inapendeza sana. Ilijaribiwa mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja. Mkwaruzo wa uta ulibaki sebuleni. Kilichovuka kizingiti ni mvumo na wimbo.

Langspil ya pili ya kuandamana nayo haiwezi kuwa ya D, kwa sababu zilizoandikwa 16 Novemba. Itakuwa tano chini, kwenye C: nyuzi 0.52, 0.52 na 1.05, urefu uleule wa 720, freti zilezile. Ubavu wake uliopinda uko kwenye kalibu tangu jana, na kipimo cha ukutani kinasoma 37.